Mhariri na Katogo Isiyo na Nyama

Mhariri wetu alikuwa na hasira. Naanza na hilo kwa sababu siku hizi kila anapotajwa kuna watu wanasema ooh, mama wa watu, mtaratibu, ana subira. Waongo wakubwa. Mama yule hakuwa na subira hata ya kungoja chai ipoe. Aliinywa ikiwa inaunguza, akailaani, akanywa tena. Nilimpenda na hasira yake, na hasira niliyonayo mimi leo nusu yake nimeitoa kwake.

Alikuwa anasimamia maneno ya Kigali katika kamusi ya Kiswahili ya mtandaoni, ile ambayo yeyote mwenye simu anaweza kuongeza neno. Halipwi mtu kule. Wapo wahariri wa maneno ya Mombasa, wa Lubumbashi, wa Bujumbura, na yeye alikuwa wa huku kwetu, ambako Kiswahili kimeletwa na kila mtu kutoka alikokuwa. Mimi nilikuja nacho kutoka Karagwe nilikokulia. Yeye alikuja nacho kutoka Bujumbura. Jirani yake wa kushoto, kule Rebero, alikuja nacho kutoka Goma, na wa kulia alikiokota stendi ya mabasi. Tunaelewana vizuri tu, na tukikwama tunamalizia kwa Kinyarwanda. Watu wa pwani wakitusikia wanacheka. Mhariri alikuwa anawaacha wamalize kucheka, halafu anawauliza ni neno gani hawakulielewa.

Tulijuana kwa ugomvi. Mimi ni mfasiri katika ofisi moja ya Kacyiru, nina cheti changu ukutani, na nilikuwa nimeongeza neno kwenye kamusi nikiwa na uhakika nalo kabisa. Kesho yake nikakuta limefutwa, na chini yake pameandikwa: shahidi wako nani? Nikajibu kwa maringo kwamba shahidi ni mimi mwenyewe. Akajibu kwamba mimi ni mleta neno, na mleta neno hawi shahidi wa neno lake. Nikapanda pikipiki mpaka Rebero nikamwoneshe mimi ni nani. Nilirudi na mfuko wa parachichi na kazi ya wiki nzima.

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na niieleze vizuri maana kila kitu kinaangukia hapo. Neno, au maana ya neno, haliingii mpaka lipate mashahidi wawili. Shahidi haulizwi "hili maana yake nini?", kwa sababu mtu akiulizwa hivyo anaanza kujitia msomi. Shahidi anasikika akilitumia, yuko kwenye shughuli zake, hana habari. Baadaye ndipo anaombwa jina na mtaa anaokaa. Na mashahidi wawili wasiwe wa nyumba moja, kwa sababu kila nyumba ina maneno yake ya ndani. Kwa hiyo swali lake la mwisho lilikuwa lilelile siku zote: wewe na fulani mnakaa nyumba moja? Alimwuliza hivyo mtawa. Alimwuliza dereva wa mkubwa mmoja, dereva akadhani anachunguzwa. Kwenye harusi moja aliwauliza mume na mke waliokuwa wamenuniana tangu asubuhi, na mke akajibu kwamba kwa leo hapana.

Umuganda ndiyo ilikuwa sikukuu yake, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Alikuja na jembe begani, akapiga mara mbili tatu, akaliegemea. Hakuja kulima. Alikuwa anangojea kikao cha baada ya kazi, pale watu wamechoka, wanalalamikia mtaro na takataka, na kila mmoja anaongea lugha aliyonayo. Siku moja mkuu wa mudugudu, yaani mtaa wao, alikuwa katikati ya hotuba ya mtaro, Mhariri akanyoosha mkono. Mkuu akafurahi, akadhani mama ana mchango. Mama akamwomba arudie ile sentensi ya mwisho, polepole, na aseme anakaa wapi. Nilijifanya nafunga kamba za viatu.

Ukorofi wake haukuwa wa kuchagua mtu. Alimsahihisha padri wakati wa mahubiri, kwa sauti ya chini ambayo benchi tatu zilisikia. Mimi alinitukana nikichelewa, na nikiwahi alinitukana kwamba sina kazi. Lakini shahidi wake akiugua alikuwa anapiga simu mpaka apone. Kuna mzee mmoja muuza mkaa aliyekuwa shahidi wa neno moja tu, basi, na mama huyu alikwenda kumwona hospitali na uji. Uji wenyewe haukulika, maana hakujua kupika kabisa, na jambo hilo nitalirudia.

Na alijipinga mwenyewe bila aibu. Yeye aliyetwambia kila siku kwamba lugha iko midomoni, ukuta mzima wa sebule yake ulikuwa kamusi za vitabu, za Kifaransa, za Kiswahili, za Kinyarwanda. Alizifuta vumbi kwa khanga yake mwenyewe na hakumwazima mtu hata moja. Nilipomchokoza alisema vitabu anavipenda kama watu wanavyopenda picha za marehemu wao. Hapo hapo akanitaka nisiguse kile cha bluu.

Sasa niseme kilichomuudhi kuliko vyote, na mimi kinaniudhi mpaka leo. Ni ensaiklopidia. Tena siyo ensaiklopidia yenyewe, hapana, hiyo aliisoma kila usiku. Kilichomuudhi ni watu wanaodhani kwamba kamusi na ensaiklopidia ni kitu kimoja kwa vile kwa Kiswahili tumeziita zote kamusi, hii kamusi na ile kamusi elezo. Ukisema hivyo mbele yake umejitakia.

Kundi la waandishi wa ensaiklopidia lilihamia kwetu kuja kusaidia. Nisiwaonee, walikuwa wachapakazi. Walipotoka wamefundishwa jambo la haki: huwezi kuandika kwamba daraja lilijengwa mwaka fulani kwa sababu mjomba wako kakwambia. Onesha kitabu, onesha gazeti, onesha chanzo kilichochapishwa. Kwa daraja ni sawa kabisa. Lakini wakaja na sheria hiyo mzimamzima wakaitandika juu ya maneno. Kila neno lisilo na kitabu likawa mtuhumiwa. Kiongozi wao hatujamwona kwa macho mpaka leo, wala hatujui anaishi nchi gani, na sisi tulimwita Bwana Chanzo kwa sababu ujumbe wake wote ulikuwa neno hilo moja na alama ya kuuliza. Maneno ya Kigali yakaanza kufutika. Ukilala neno lipo, ukiamka halipo, pamebaki "Chanzo?"

Mhariri aliwaandikia mara moja tu kwa upole. Nilikuwepo, nilimwona anavyoteseka kuwa mpole. Baadaye aliniambia yale aliyotaka kuandika hasa:

"Urefu wa mlima haubadiliki hata mji mzima ukisema vingine. Maana ya neno inabadilika watu wakisema vingine, na hayo mapya ndiyo yanakuwa maana. Bon, haya. Sasa hawa kitabu wananiletea cha nini? Mimi naulizwa watu wanasema nini, siulizwi nani ameandika."

Halafu akaunguzwa na chai.

Ndipo ikaja katogo. Mimi wa Karagwe sihitaji kufundishwa katogo. Ni ndizi mbichi zimechanganywa chungu kimoja na chochote ulichonacho: utumbo, nyama, maharage, karanga. Mama yangu aliipika na utumbo kila Jumapili, na harufu yake ndiyo iliyotutoa kitandani. Lakini mama huyu, nimesema, jikoni alikuwa mgeni. Siku za mwanzo kabisa za kamusi, kabla hajatunga sheria ya mashahidi wawili, alikuta jirani yake mjane anapika ndizi kwa karanga. Akauliza unapika nini, akaambiwa katogo. Akachungulia chunguni, hakuona nyama, akaenda kuandika: chakula cha ndizi mbichi zilizopikwa pamoja na karanga au mboga, bila nyama. Yale maneno mawili ya mwisho hakuambiwa na mtu. Aliyaongeza mwenyewe. Yule mjane hakutia nyama kwa sababu hakuwa nayo, basi.

Alikuja kujua baadaye, msibani, alipopewa sahani ya katogo yenye utumbo na kila mtu mezani anaiita katogo. Aliniambia aliweka kijiko chini akakosa hamu. Hakuna kitu kilichomwaibisha kama kile. Sheria ya mashahidi wawili ilizaliwa kwenye sahani ile. Alipofika nyumbani akafungua kamusi afute "bila nyama", jambo la dakika moja.

Lakini kumbe alikuwa amechelewa. Mtu fulani alikuwa ametunga kijitabu cha Kiswahili cha wanafunzi wa hoteli, na maneno ya vyakula ameyachota kwetu kama yalivyo, hata na alama ya mkato, bila kuuliza wala kushukuru. Kikachapishwa. Mhariri alifuta usiku uleule wa msiba, lakini Bwana Chanzo alipokuja baadaye akarudisha: chanzo kilichochapishwa kinasema bila nyama. Mhariri akaeleza kwamba kijitabu kimenakili kwake, kwamba yeye ndiye aliyeandika, na kwamba alikosea. Jibu nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu nililisoma nikainuka kitini pale ofisini:

"Kumbukumbu ya mtu binafsi si chanzo."

Jamani! Mtu anakwambia nimekosea mimi, kosa ni langu, niacheni nilifute, na wewe unamwomba kitabu kinachosema amekosea! Akawaletea sauti za mashahidi, wapishi, mama lishe, wazee wa Bukoba na wa Mbarara waliohamia Kicukiro. Wakamwambia sauti si chapisho. Akafuta tena, wakarudisha tena. Mwisho wakamfungia asiweze kuandika, na sababu wakaiweka wazi kwa dunia nzima isome: anaharibu kamusi. Yeye! Mtu aliyekesha na maneno yale mpaka macho yakaanza kuharibika. Maana na hilo nalo lilikuwepo, macho yalikuwa yanafifia, herufi za simu alikuwa amezikuza mpaka neno moja linajaza kioo.

Nilikwenda kumwona siku ile. Hakutukana, na hapo ndipo nilipoogopa. Alikuwa amekaa chini ya ule ukuta wa vitabu, khanga mapajani.

"Mimi naacha kazi hii, macho hayataki," alisema. "Siombi kitu. Nataka nifute uongo wangu kwanza. Sitaki kuondoka nimeacha uongo kamusini, halafu unalindwa."

Basi nikaingia vitani. Sitaeleza yote niliyoandika kwenye baraza la wahariri, kwa sababu mengine mama yangu angekuwa hai angenizaba kibao. Niliwaita makarani. Niliwauliza kama wakitaka kujua wake zao wanaitwaje wanasubiri majina yachapishwe. Bwana Chanzo alinijibu "Chanzo?" na nikamjibu jambo ambalo lilifutwa. Ilichukua miezi. Wa Lubumbashi alituunga mkono kwanza, kisha wa Bujumbura, na wa Mombasa, ambaye hapo kabla alikuwa anatucheka, alikuja akasema kwamba hata kwake maneno ya sokoni yanafutwa hivyohivyo. Ikapigwa kura. Tukashinda. Ikaamuliwa kwamba maana ya neno linalosemwa itathibitishwa kwa sheria ya Mhariri, mashahidi wawili wasio wa nyumba moja, na kwamba yeye afunguliwe, na katogo aachiwe mwenyewe aisahihishe. Niliisoma asubuhi ofisini, nikagonga meza mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akaja kuuliza kuna nini.

Sikumpa habari kwenye simu. Nilitaka nimwone uso. Nikamwalika chakula cha mchana Kimihurura, kwenye mgahawa mmoja safi wenye baraza, nikijua atalalamika kwamba ni ghali, na akalalamika. Alikuwa amevaa vizuri, kitenge cha kanisani, na miwani mipya ambayo alisema haimsaidii chochote. Kijana wa kuhudumia akaja, mchangamfu, Kiswahili chake kile chetu cha Kigali. Nikaagiza haraka ili niseme langu: mama mletee katogo, mimi niletee ndizi nyama kama kawaida. Katogo nilimwagizia makusudi. Nilitaka tushangilie ushindi nayo ikiwa palepale mezani.

Nikamwambia. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaniuliza kama ni kweli na kama nimewatukana. Nikasema ndiyo na ndiyo. Alinishika mkono akauacha pale kwa muda, na kwa mtu yule hilo ni hotuba nzima. Akatoa simu, akafungua ukurasa wa katogo, akaweka simu karibu kabisa na pua, kidole tayari juu ya yale maneno mawili.

Chakula kikaletwa wakati huohuo. Sahani yake ilikuwa ndizi kwa karanga, na mchicha. Alizungusha kijiko, akatafuta. Akamwuliza kijana nyama iko wapi.

"Katogo haiko na nyama, mama," kijana akasema, kwa adabu tu. "Iko ya karanga. Ukitaka ya nyama unasema ndizi nyama."

Damu ikanipanda. Nikamwuliza kijana amesomea wapi, akasema chuo cha hoteli. Nikamwuliza kuhusu kijitabu, akasema ndiyo, walikuwa nacho. Nikamgeukia Mhariri, nikamwambia unaona, huyu ameharibiwa na kijitabu, si shahidi huyu, futa mama, futa tumalize. Nilikuwa nimepaza sauti, meza za jirani zikageuka. Yeye kidole chake kilikuwa bado hewani.

"Tangu lini tunamwuliza shahidi neno amelitoa wapi?" akasema. "Wewe katogo yako uliitoa kwa mama yako. Nilikukatalia?"

Nikasema basi sawa, na awe shahidi, lakini ni mmoja. Sheria ni wawili. Sheria ni yako, mama, na ndiyo tuliyopigia kura. Nilisema hivyo nikijua nimemshika, maana yeye sheria yake alikuwa haivunji hata kwa dawa.

Aliangalia sahani yangu. Ndizi na vipande vya nyama, mchuzi mzito, kama ninavyokula kila mchana Kacyiru na wenzangu. Aliiangalia muda mrefu, na macho yale mabovu.

"Wewe mtoto wa Karagwe," akasema, "umemwambia kijana akuletee nini?"

Nilijisikia nikiagiza, sauti yangu mwenyewe, ile ya haraka, bila kufikiri: mama katogo, mimi ndizi nyama. Sijui nilianza lini kusema hivyo. Nimekula kwenye migahawa ya Kacyiru miaka, wanaohudumia ni vijana kama huyu, na mtu ukitaka nyama unajifunza kusema kitakachokuletea nyama. Mimi, niliyewatukana watu miezi kwa ajili ya chungu cha mama yangu.

Nikasema mama, hapana, usifanye hivyo. Nikasema nilikosea, nilikuwa nina haraka. Akasema mashahidi wote wana haraka, ndiyo maana tunawaamini. Nikasema watashangilia, Bwana Chanzo atasema alikuwa sahihi tangu mwanzo. Hapo ndipo alipokasirika kweli, mishipa ya shingo ikamtoka, nikamwona tena yule ninayemjua.

"Hakuwa sahihi! Mimi nilipoandika ulikuwa uongo, na yeye aliulinda ukiwa uongo. Sasa watu wameusema. Nitafanyaje?"

Aliandika taratibu, kwa kidole kimoja, akisoma kila neno kwa sauti ya chini. Maana ya kwanza: ndizi mbichi zilizopikwa pamoja na utumbo, nyama, maharage au karanga. Maana ya pili, Kigali, hasa migahawani: ndizi zilizopikwa bila nyama. Akamwita kijana, akamwuliza jina lake na anakaa mtaa gani, akaandika. Kisha akanigeukia mimi, hajapunguza hasira hata kidogo, akanitazama kama hajapata kuniona maishani.

"Wewe na huyu kijana mnakaa nyumba moja?"

Nikasema hapana. Akaandika jina langu.